Bahari Ikikimbia: Siku Moja Bagamoyo na Watoto na Bibi

Swali

"Tunaishi Morogoro na tuna gari letu. Jumamosi moja ya mwezi ujao tunataka kwenda Bagamoyo asubuhi na kurudi jioni: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 6 na 11, na mama mkwe wangu. Mama ana miaka 70, ana kisukari na magoti yanamsumbua. Jirani yetu alikwenda mwaka jana na familia yake. Wakafika ufukweni saa nne asubuhi, bahari imekimbia, tope tupu, wakarudi na hasira. Anasema hata hayo maji yenyewe ni machafu, hayaogeleki, na kwamba mjini huruhusiwi kutembea bila mwongozaji. Mwingine kaniambia nisiache kuwaonyesha watoto mti alionyongewa Bushiri na handaki la kupitishia watumwa. Tungependa pia kubeba samaki. Je, siku moja inatosha? Tuanzie wapi? Na kuna usalama kwa watoto na kwa mama?"

Jibu

Dada yangu, siku moja inatosha, ila mkiichagua vizuri. Jirani yako alifika siku ya bamvua, yaani siku ambayo bahari hujaa sana na kupwa sana, saa ambayo maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Angekwenda Jumamosi iliyofuata, saa ile ile, pale pale, angekuta maji yamejaa hadi karibu na ngalawa zilizopandishwa mchangani. Nitalieleza hili kwa kirefu, kwa sababu ukilielewa, nusu ya maswali yako yanakuwa yamejibika.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kukupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, na kila siku mzunguko wote unachelewa kwa dakika hamsini hivi, kwa kuwa unaufuata mwezi. Zidisha dakika hamsini kwa siku saba, unapata karibu saa sita. Ndiyo maana Jumamosi hii saa nne bahari iko mbali, na Jumamosi ijayo saa hiyo hiyo iko miguuni.

Kinachopendeza kwenye pwani yetu ni kwamba unaweza kukadiria kwa kalenda ya mwezi mwandamo, ile ile ya kufungia na kufungulia. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, yaani kwenye tarehe 1 na 2, halafu 15 na 16, ni bamvua: maji hukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Tofauti ya kimo siku hizo ni kama mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 8 na 22 hivi, ni maji mafu. Saa zinageuka: maji hujaa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kukupwa jioni, na kimo hubadilika kwa mita moja tu au zaidi kidogo. Kwa siku za katikati ongeza dakika hamsini kwa kila siku inayopita. Makadirio haya yanaweza kupishana na hali halisi kwa saa nzima, kwa hiyo siku mbili kabla ya safari tafuta jedwali la maji la Dar es Salaam kwenye intaneti. Saa za Bagamoyo hazipishani nalo sana.

Basi chagua Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe 7 na 10 za mwezi mwandamo, au kati ya 22 na 25. Maji yatakuwa yamejaa kati ya asubuhi na adhuhuri. Watoto wataoga bahari wakiwa hawajachoka, na saa kumi na moja jioni mnaweza kuwa mnaondoka. Mkienda siku ya bamvua, maji mazuri ya kuoga yanaanza saa tisa alasiri, nanyi mna safari ya kurudi Morogoro. Siku hiyo ama mlale Bagamoyo usiku mmoja, ama mkubali kwamba mmekwenda kuuona mji na kuoga kutasubiri.

Kwa nini Bagamoyo bahari inakimbia mbali hivyo na kwingine siyo sana? Sakafu yake ni tambarare. Kaskazini ya mji, Mto Ruvu unamwaga mchanga na tope lake baharini, na mikoko inashika kile kinacholetwa. Pwani yenye mteremko mkali ikipungua maji mita tatu, unaona hatua chache tu za mchanga zimeongezeka. Pwani tambarare ikipungua mita hizo hizo, inafunuka mamia ya mita. Rangi ya maji nayo inatoka huko huko. Ule ukahawia ni udongo wa mto, na huzidi wakati wa masika na vuli Ruvu inapojaa. Ukiona maji ya kahawia usifikiri moja kwa moja kwamba ni maji taka.

Lakini jirani yako hakukosea kabisa. Mbele ya soko la samaki, pale wanapoparua na kutumbua, maji si ya kuogea watoto. Kuna matumbo ya samaki, kuna mafuta ya injini za boti, na kuna ndoano na vipande vya nyavu mchangani. Sogeeni mbali na soko, ama mlipie kiingilio cha siku kwenye mojawapo ya hoteli za ufukweni. Kwa familia yenye bibi na mtoto wa miaka 6, mimi ningelipa: mnapata choo, kivuli, bomba la kusuuza chumvi na mahali pa kukaa mama. Vyoo vya umma ukingoni mwa bahari usivitegemee.

Sasa usalama wa watoto. Watu wengi huogopa mawimbi, na Bagamoyo mawimbi huwa madogo. Hatari ni maji yanayorudi kimya kimya. Hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote katika mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Siku ya bamvua yenye mita tatu, fungu moja ni sentimita 25. Katika saa ya tatu na ya nne peke yake maji yanapanda mita moja na nusu, na mtoto wa miaka 6 ana kama mita moja na sentimita kumi na tano. Mbaya zaidi, mchanga hauko sawa: kuna vijibonde kati ya mafungu ya mchanga, na hivyo ndivyo hujaa kwanza, nyuma ya mgongo wa anayeokota makombe. Akigeuka, njia aliyokuja nayo imeshakuwa mkondo. Kwa hiyo watoto wakitaka kutembea nje maji yakiwa yamekupwa, waende na mtu mzima, waende maji yakiwa bado yanatoka, na saa ya kukupwa ikifika wawe tayari wanarudi.

Miguuni wavae yeboyebo au raba kuukuu. Kandambili hubaki kwenye tope na mtoto akaendelea peku. Kwenye mchanga laini wenye maji ya magotini hukaa samaki aitwaye taa, amejifukia, na mkia wake una mwiba wenye sumu. Hamfuati mtu, huchoma akikanyagwa. Wafundisheni watoto kuburuza miguu badala ya kuinua na kukanyaga, taa ataondoka mwenyewe. Ikitokea ameshachoma, chovya mguu kwenye maji ya moto ambayo mtu mzima mwenye afya ameyajaribu kwa mkono wake na kuyavumilia. Uache humo kati ya nusu saa na saa moja na nusu, ukiongeza maji ya moto yakipoa. Joto hupunguza nguvu ya sumu ile na maumivu hutulia. Kisha nendeni Hospitali ya Wilaya, hata kama maumivu yamepungua, kwa ajili ya kusafisha jeraha, kutazama kama kipande cha mwiba kimebaki, na sindano ya pepopunda. Mwiba ulioingia kifuani, tumboni au shingoni msiuchomoe. Hapo ni hospitali moja kwa moja.

Mama yetu nimemwekea maelezo yake. Kisukari cha miaka mingi mara nyingi huua hisia za nyayo. Mchanga wa saa saba mchana unaweza kumuunguza naye asijue mpaka jioni anapovua viatu. Asitembee peku, si mchangani wala majini. Avae viatu vilivyofunika vidole pamoja na soksi, na jioni wewe au mumeo mumtazame nyayo na katikati ya vidole. Akikutwa na mchubuko, lengelenge au mkato ulioingia maji ya bahari, msisubiri kuona kama utakauka: akaonwe kituo cha afya siku hiyo hiyo au kesho yake. Na maji ya moto ya taa niliyoyataja yeye asijipimie mwenyewe. Kama anatumia insulini, isiachwe ndani ya gari wala isilazwe juu ya barafu. Ifungwe kitambaa iwekwe mahali pa ubaridi. Bebeni juisi ya sukari, kwa sababu kusubiri samaki akaangwe kunaweza kuchukua saa nzima. Kabla ya safari muulizeni daktari wake wa kliniki kuhusu saa za dawa siku hiyo, hilo haliwezi kujibiwa kwa maandishi na mtu asiyemjua.

Kwa magoti yake, kodini bajaji moja kwa saa kadhaa, mkubaliane bei yote kabla ya kupanda, na muda wa kusubiri mkiutaja. Majengo ya Mji Mkongwe yamekaribiana na mnaweza kuyapita kwa mguu, lakini magofu ya Kaole na Misheni ya Wakatoliki ni mbali kwake.

Tukija kwenye mwongozaji: hakuna sheria inayokuzuia kutembea mitaani. Ni mji wa watu, kuna shule, misikiti na maduka. Kinacholipiwa ni kuingia maeneo ya kihistoria yanayosimamiwa, kama Karavanserai (mahali pa zamani pa kufikia misafara) na magofu ya Kaole, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo watu wazima wabebe vitambulisho vya taifa. Dai risiti. Kijana akikufuata kutoka stendi akikwambia lazima uwe naye, mwombe kitambulisho cha kuongoza wageni. Hana? Mshukuru uendelee. Nasema hivyo, lakini kwa mara ya kwanza na watoto, mwongozaji mzuri ana faida: atafungua milango ambayo mngeipita tu, na hakuna atakayewasumbua. Mchukueni kwenye ofisi ya maeneo hayo ya kihistoria, bei ijulikane kabla, na msichukue zaidi ya saa mbili. Mtoto wa miaka 6 hawezi zaidi ya hapo.

Jambo moja la tahadhari: msitembee kwa mguu ufukweni kati ya mji na Kaole, hasa penye mikoko na pasipo na watu, mkiwa na simu mikononi. Nendeni kwa barabara, kwa gari.

Kuhusu Bushiri, umeambiwa kisa kilichozagaa sana ila si sahihi. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Bagamoyo kuna mahali karibu na bahari palipowekwa kumbukumbu ya watu walionyongwa na Wajerumani, na panastahili kuonwa kwa heshima zake. Waambieni watoto hivyo, wasirudi shuleni na kosa. Handaki la watumwa la Ngome Kongwe nalo lisikilizeni kama simulizi. Jengo lilijengwa kama nyumba ya tajiri wa Kiarabu kwenye miaka ya 1860, likaja kuwa ngome, na baadaye kituo cha polisi. Biashara ya watumwa ilikuwepo na ilikuwa mbaya mno. Haihitaji kuongezewa shimo ili mtoto aielewe. Vivyo hivyo jina la mji. Wengine wanasema kubwaga moyo ni kilio cha mtumwa anayeiacha bara. Wengine wanasema ni pumzi ya mpagazi, wengi wao Wanyamwezi, aliyetua pembe za ndovu baada ya miezi ya kutembea. Mwongozaji anayekupa jibu moja tu kwa uhakika wote, muulize jingine. Na akikwambia Bagamoyo imo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia, mrekebishe kwa upole: tangu 2006 njia ya biashara ya watumwa na pembe imo kwenye orodha ya mapendekezo, ambayo ni hatua ya kabla ya hapo.

Kama mna muda wa mambo mawili tu, ningewapeleka Misheni na Kaole, ingawa wengi hukimbilia Boma, jengo la utawala wa Wajerumani. Boma la 1897 ni zuri kulitazama kwa nje mkipita. Misheni, mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 na kuanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Kuna makumbusho, na kuna mnara wa kanisa la kale ulipolazwa mwili wa Livingstone tarehe 24 Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Watoto watapenda zaidi mbuyu uliopandwa 1868: kuna mnyororo uliofungwa shinani zamani, mti ukanenepa ukaumeza, kimebaki kipande kinachochungulia.

Kaole iko kilomita tano hivi kusini. Msikiti wake ni wa karne ya 13, na makaburi yana nguzo za mawe zilizowahi kupambwa kwa vyombo vya kauri kutoka Uchina. Hapo mwonyeshe yule wa miaka 11 mikoko iliyosimama kati ya magofu na bahari. Kaole ilikuwa bandari. Tope na mikoko vikaiziba, biashara ikahamia Bagamoyo. Bagamoyo nayo jahazi liliweza kukaa mchangani maji yakikupwa, likapakuliwa na wapagazi, kisha likaelea yakijaa. Meli kubwa ya moshi haikuweza, ikatia nanga mbali. Wajerumani wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, penye kina. Kwa hiyo lile tope lililomkasirisha jirani ndilo lililoamua mji mkuu uwe wapi.

Mavazi: mitaani kanga begani na suruali au gauni la kupita magoti. Nguo za kuogea ziishie ufukweni. Milango ya nakshi ni ya nyumba za watu, bisheni hodi kabla ya kupiga picha. Wavuvi pia, ombeni kwanza.

Sasa barabara na samaki. Msipite Dar. Kutoka Chalinze shikeni njia ya Segera hadi Msata, kisha kulia, kilomita 64 za lami hadi Bagamoyo. Mkiondoka Morogoro saa kumi na moja alfajiri mtafika saa mbili na nusu au saa tatu kama Chalinze hakuna foleni ya malori.

Sokoni nendeni kwanza kutazama mnada, watoto hawatausahau, lakini nunueni mwisho, mkiwa njiani kuondoka. Samaki wa asubuhi aliyekaa ndani ya buti hadi jioni ni wa kutupa. Ulizeni kama bei ni ya fungu, ya mmoja au ya kilo. Macho yawe yametuna na maangavu, mashavu ya ndani mekundu na si ya kahawia, nyama ikibonyezwa irudi. Wageni wengi hukimbilia nguru na jodari kwa sababu ni wanene, na hao ndio wa kuangaliwa zaidi pamoja na vibua. Wakikaa na joto, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama, na haitoki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Mlaji huwashwa mdomo kama kwa pilipili, uso huiva, kichwa huuma na moyo hwenda mbio ndani ya saa moja. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Changu na chewa hawana tabia hiyo kwa kiasi hicho, na kwa safari ya saa tatu na nusu ndio ningechukua.

Mwambie muuzaji awatumbue na kutoa mashavu. Beba deli lenye mfuniko, na barafu kilo moja kwa kila kilo ya samaki. Tandaza barafu chini, panga samaki, mwaga barafu tumboni na juu, rudia. Weka kitu chini ili maji yanayoyeyuka yatengane na samaki, maana samaki aliyeloa muda mrefu hulegea. Barafu inunuliwe kabla ya samaki. Jioni ya Jumamosi huwahi kwisha.